Anayengoja Haondoki

Siku Usukani aliporudi, Sindano alikuwa amelala chali juu ya gunia chini ya tumbo la ndege, kitambaa mkononi, anasugua mafuta meusi yaliyovuja kutoka kwenye injini. Jamani, hivyo ndivyo alivyokuwa mwanamke ambaye saa kumi jioni hiyo alitakiwa awe sebuleni kwao, ndani ya gauni la kijani lililokwisha kupigwa pasi, awajibu wageni neno moja tu: ndiyo au hapana. Mama yake alikuwa ameshalijua jibu. Shangazi yake alikuwa ameshalijua, tena alikuwa ameshaazima viti kwa jirani. Asiyelijua ni yeye mwenyewe, na ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa anasugua mahali pamoja.

Mposaji hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mfamasia, mpole wa maneno, anayefunga duka lake saa kumi na mbili kamili. "Mfamasia jioni yuko nyumbani," mama alikuwa akimwambia Sindano asubuhi na jioni. "Humgoji mpakani, humgoji uwanjani, humgoji popote. Saa kumi na mbili na nusu unasikia viatu vyake mlangoni. Unataka nini zaidi?" Sindano alikuwa na miaka thelathini na minne, na kila akiulizwa hivyo alichukua baiskeli akaenda klabuni.

"Sindano!" aliita Fundi Grisi, mzee aliyestaafu jeshini lakini akakataa katakata kustaafu klabuni. "Mtu wako wa saa nane huyu hapa."

"Saa nane sina mtu, mzee wangu."

"Unaye. Nimemwandika mimi."

Sindano aligeuza shingo. Kutoka pale chini aliona viatu tu, viatu vyeusi vya jeshi, na kamba zake zilikuwa zimechomekwa ndani ya kiatu zisije zikanasa kwenye pedali. Madereva wa malori ndio hufunga kamba hivyo. Na kati ya madereva wote wa malori aliopata kuwajua, ni mmoja tu aliyekuwa akisimama namna ile, mguu wa kushoto mbele kidogo, kama anatafuta klachi.

Kitambaa kikamdondokea usoni.

"Shikamoo mwalimu," sauti ilisema juu ya vile viatu, kwa utani wa zamani.

Sindano alibaki pale chini, uso umefunikwa na kitambaa chenye mafuta, akiwaza kwamba akikaa kimya vya kutosha huenda viatu vitaondoka. Viatu havikuondoka.

*

Inabidi turudi nyuma kidogo, maana bila kuijua klabu ile huwezi kuyajua mapenzi yao.

Klabu yenyewe ilikuwa banda moja la mabati na uwanja wa nyasi nyuma ya kambi. Ilianzishwa na wanajeshi ambao jeshi lisingewapeleka chuo cha urubani hata kwa ndoto: wapishi, makarani, wauguzi, madereva. Walikuwa na ndege moja ya viti viwili, kongwe, waliyoiita Bi Mkubwa kwa sababu ukimkosea adabu alikuadabisha. Ada ilikuwa ndogo, hata koplo aliweza kuimudu, lakini ilikuwa na sharti lake: kila Jumamosi unafanya kazi. Utafyeka nyasi, utaosha mabawa, utaziba viraka. Vyeo viliachwa mlangoni. Kanali alishika ndoo, mpishi akamwelekeza pa kusugua, na hakuna aliyeitwa kwa jina la kwenye kitambulisho.

Sindano alipewa jina lake kwa kazi yake. Alikuwa stoo ya miavuli ya kurukia, anashona na kukunja, na kila mwavuli aliokunja aliuwekea sahihi. Kazi ile ukikosea, hakuna anayerudi kukulalamikia. Wengine walisema jina lile ni la ulimi wake, na huo nao ulikuwa ukweli.

Usukani alilipata lake siku ya kwanza. Kijana wa watu alikuwa dereva wa lori la tani kumi, anajiamini kupita kiasi. Alipoambiwa aitembeze ndege chini na akunje kushoto, alikamata usukani kwa mikono miwili akauzungusha wote. Wapi! Ndege ikiwa chini huongozwa kwa miguu. Mikono ilizunguka, Bi Mkubwa akaenda zake mbele moja kwa moja mpaka kwenye nyasi ndefu, na kijana akazidi kuzungusha. Sindano, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, alicheka mpaka akaanguka chini. Kijana alishuka, nyasi zimemjaa nyweleni, akaja mpaka kwenye benchi, akamnyooshea mkono wa kumwinua.

"Sasa wewe ndiye umeanguka, mimi bado sijaanguka," alisema.

Hapo ndipo yalipoanza.

Na benchi lile nalo lilikuwa na sheria yake. Ukutani palikuwa na ubao mweusi wenye safu mbili. Ya kwanza iliandikwa ALIYE JUU, ya pili ANAYENGOJA. Hakuna mtu aliyeruka peke yake bila mwenzake kuandika jina kwenye safu ya pili na kukaa kwenye benchi, macho juu, redio ndogo mkononi, mpaka yule wa juu atue, aje kwa miguu yake, ayafute majina yote mawili. Juu ya ubao mtu fulani wa zamani alikuwa amepaka rangi nyeupe: ANAYENGOJA HAONDOKI. Mvua inyeshe, njaa ikuume, uitwe na mkuu wako, huondoki.

Kwa miaka miwili Sindano na Usukani walingojana. Yeye juu, mwenzake kwenye benchi; mwenzake juu, yeye kwenye benchi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na pale ubaoni yalikuwa yameandikwa kwa chaki kila Jumamosi.

Mpaka Jumamosi ile ya safari yake ndefu, Sindano peke yake, masaa mawili kwenda na kurudi. Alichelewa dakika hamsini. Alipotua, benchi lilikuwa tupu.

Akalifuta jina la Usukani kwa mkono wa shati lake, akapanda baiskeli, akaondoka analia. Wiki mbili nzima aliikwepa klabu na watu wake, kisha akasikia mtu yule amehamishwa. Hakuja kuaga, hakuandika barua. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita.

*

"Lete kitabu chako," Sindano alisema alipokwisha kutoka chini ya ndege. Alikuwa ameamua kuwa mwalimu, basi, si kitu kingine. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa klabu, na mwanachama yeyote anayerudi lazima apimwe naye.

Usukani alimpa kitabu cha rubani kilichochakaa pembeni. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele za kando ya masikio zimeanza kuwa nyeupe, lakini macho ni yale yale, ya mtu anayetaka kucheka na anaomba ruhusa kwanza. Sindano aliyakwepa.

"Umekuwa ukiruka kumbe."

"Kila nilikohamishiwa nilikuwa nauliza kwanza, kuna klabu? Pakiwa hakuna, nasafiri siku ya mapumziko."

Alifungua kurasa. Tarehe, ndege, dakika, sahihi. Kisha akaiona safu ya mwisho, ile ya maelezo, ambayo marubani huandika upepo au mvua. Mstari wa kwanza: Benchi tupu. Wa pili: Benchi tupu. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Mistari zaidi ya mia mbili, mwandiko ule ule uliolala upande, maneno yale yale mawili.

Alikifunga kitabu paa.

"Unanitania?"

"Sikutanii."

"Ingia kwenye ndege."

Fundi Grisi alikuwa anafuta spana ambayo haikuwa na uchafu wowote. Alichukua chaki, akaandika jina lake kwenye safu ya pili bila kuombwa, akakaa kwenye benchi akitazama mawingu kama mtu asiyesikia kitu.

Chumba cha Bi Mkubwa kilikuwa kidogo. Ukikaa mle na mtu, bega lako na bega lake yanakuwa kitu kimoja, utake usitake. Kilikuwa na harufu yake ile ile ya zamani, petroli, turubai na jua la mchana. Sindano alivaa hedifoni, akakaza mkanda, akatazama mbele. Usukani alikagua kila kitu kwa utaratibu, akapiga kelele dirishani, "Propela!", na injini ikakohoa, ikakubali. Kwenye nyasi aliilaza mikono yake magotini, akaongoza kwa miguu tu, taratibu, mpaka mwanzo wa uwanja. Alikuwa anamwonyesha. Sindano aliuma mdomo asicheke, na akajichukia kwa kutaka kucheka.

Wakapaa.

"Geuka kulia. Usipoteze kimo."

Aligeuka, na mshale wa kimo haukutikisika.

"Umejifunza," Sindano alisema, kwa kinyongo.

"Nilifundishwa na watu wazuri. Mmoja alinicheka mpaka akaanguka."

Injini ikanguruma. Chini yao mabati ya kambi yaling'aa, kisha yakaisha, yakaanza mashamba. Zamani walikuwa na mchezo: mmoja anataja kitu cha chini, mwenzake anakitafuta. Kisima. Punda mweupe. Nguo nyekundu kwenye kamba. Sindano alijikuta macho yake yanatafuta punda.

Akashindwa kuvumilia.

"Wewe wa kuandika benchi tupu? Wewe? Mimi nilitua hapa mafuta yamebaki kidogo. Unajua nilikuwa natazama nini wakati natua? Si uwanja. Nilikuwa natazama benchi. Nilijiambia nikimwona tu, yamekwisha, niko nyumbani. Na hukuwepo! Bora ungenipiga kofi."

"Najua."

"Hujui wewe!"

"Sindano, tazama chini upande wako. Unaiona ile barabara?"

Barabara ya vumbi ilikuwa inapita kati ya mashamba, inaelekea mashariki. Ndiyo ambayo Sindano alikuwa ameifuata siku ile kwa ramani.

"Dakika ya ishirini ulipochelewa nilivumilia," Usukani alisema. Sauti yake kwenye hedifoni ilikuwa karibu kuliko bega lake. "Ya thelathini nilivumilia. Redio kimya. Fundi alikuwa hospitali na jino lake, nani wa kumuuliza? Ya thelathini na tano nikachukua lori la jiko. Lilikuwa na magunia ya viazi nyuma. Sikuomba ruhusa. Nikaifuata hiyo barabara. Pale darajani, unapaona, nilisimama nikazima injini nisikilize. Nikaenda, nikasimama pale kwenye shule ya paa jekundu, nikawauliza watoto kama wameiona ndege. Nilisimama mara tisa. Nikawa natazama juu, halafu natazama na mashambani. Unajua nilikuwa natafuta nini mashambani?"

Sindano alijua. Mtu wa ndege hatafuti kitu mashambani isipokuwa moshi.

"Wingu lilinizuia," alisema polepole. "Nilitua kwenye kiwanja cha watu wa kunyunyizia dawa mashamba. Nikangoja lipite. Redio ilikuwa haifiki."

"Sasa najua. Siku ile sikujua. Nilivunja sheria ya benchi kwa sababu nilishindwa kukaa. Hilo ni kosa langu na nimelibeba. Lakini niliporudi, ubao umefutwa. Jina langu lilikuwa limebaki vumbi la chaki, na alama ya mkono wa shati. Na mama yako amesimama pale."

"Mama yangu?"

"Alikuwa amekuja kukutafuta, akakuona kwa mbali unaondoka njia ya nyuma na baiskeli. Nikamuuliza, amerudi? Akasema amerudi, mzima. Nikakaa chini pale pale, Sindano, kwenye matope, nikashukuru. Polisi wa kambi walikuwa wameshanikamata mkono kwa ajili ya lile lori. Nikamwambia, mama, nakuomba, mwambie nilikwenda kumtafuta. Mwambie hilo tu." Alimgeukia. "Kwani hakukwambia?"

Mikono ya Sindano, iliyokuwa imekunja miavuli elfu na zaidi bila kukosea, ilikuwa inakunja na kukunjua ncha ya mkanda.

"Siku kumi na nne rumande," Usukani aliendelea, "ya kumi na tano kwenye gari la uhamisho. Nikasema, ameshaambiwa, akitaka ataniandikia. Sikuona barua. Na mimi mtu niliyefutwa, barua nitaianzaje?"

"Turudi," Sindano alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa kuwa hakuna pa kujificha kwenye viti viwili, aliyaacha yatoke.

*

Usukani alitua vizuri, akalifuta jina la Fundi ubaoni. Sindano alitia sahihi kwenye kitabu, na mkono wake ulisita juu ya ile safu ya mwisho.

Sheria ya klabu ilisema anayerudi, akishapimwa, azunguke uwanja mara tatu peke yake. Mizunguko mitatu ni karibu dakika arobaini. Saa ya banda ilikuwa tisa na dakika kumi.

"Una wageni saa kumi," Usukani alisema. "Fundi anaweza kuningojea."

"Nani amekwambia nina wageni?"

Wote wawili walimgeukia Fundi Grisi. Mzee aliinua ile spana yake, akaikagua kwenye mwanga, akaondoka kwenda nyuma ya banda akipiga mluzi.

Sindano alichukua chaki. Aliandika USUKANI kwenye safu ya kwanza. Kisha, taratibu, kwa herufi kubwa, akaandika SINDANO kwenye ya pili.

"Nenda. Ukitua utanikuta."

"Siku ile wewe hukunikuta."

"Ndiyo maana nakwambia. Utanikuta."

Usukani alimtazama. Akaenda, na Sindano akaketi.

*

Mama alifika wakati ndege inamaliza mzunguko wa kwanza. Alikuja kwa haraka kupitia nyasi, amevaa vya kutokea, gauni la kijani limening'inia kwenye mkono wake ndani ya mfuko wa plastiki.

"We mtoto! Saa tisa na nusu hii! Uso mzima mafuta! Unataka kuniua kwa aibu? Inuka, utavaa hapa hapa, teksi iko barabarani."

"Siwezi kuondoka, mama. Jina langu liko ubaoni."

"Lifute."

"Analifuta aliye juu."

Mama alitazama ubao. Alisoma jina la safu ya kwanza, na Sindano akamwona anavyolisoma. Mfuko wa gauni ulishuka mpaka ukagusa nyasi.

"Amerudi," mama alisema.

"Amerudi. Na ameniambia alikwenda wapi siku ile."

Bi Mkubwa alipita juu yao, akagusa nyasi, akapaa tena. Mama aliinamisha kichwa mpaka mlio ulipokwisha.

"Nilijua," alisema. "Nililiona lile lori, lina matope mpaka kwenye kioo. Nilimwona mtoto wa watu anavyotetemeka. Nilijua, na nikanyamaza."

"Miaka kumi na moja, mama!"

"Nihesabie, eti mimi sijui." Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. "Unafikiri nilimchukia? Kijana yule nilimpenda. Ila nilimtazama nikamwona baba yako, askari kama yeye. Miaka ishirini nilimngoja baba yako. Anaondoka alfajiri, sijui anakwenda wapi, sijui kama atarudi. Gari la jeshi likipunguza mwendo karibu na nyumba, tumbo linanikata. Hujui, wewe ulikuwa umelala. Ngoja ngoja huumiza matumbo, watu wanasema tu, mimi nimeumwa. Nikasema mwanangu hatangoja. Akichukia leo atasahau kesho, ataolewa na mtu wa nyumbani."

"Lakini mama, mimi ndiye ninayeruka! Yeye ndiye alikuwa ananingoja mimi!"

Hilo, katika hesabu zake zote, mama hakuwahi kulifikiria. Alibaki amesimama na mfuko wake, akitazama kidoti kile cha ndege kikizunguka juu ya miti.

"Sogea," alisema mwishoni.

Sindano alisogea. Mama akaketi, akaliweka gauni magotini. Benchi lilikuwa na joto la jua, na mbao zake zilikuwa zimechongwa majina ya utani ya watu waliokwisha hamishwa, wengine waliokwisha kufa.

"Baba yako hakufia huko jeshini," mama alisema. "Miaka ishirini naogopa atafia huko. Akafa kwa homa, kitandani kwangu, nimemshika mkono."

"Mama, unajuta kumngoja?"

Upepo uligeuza soksi ya kitambaa inayoonyesha upepo uwanjani, ikaning'inia, ikajaa tena. Mama alipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Hata siku moja," alisema.

Simu ikalia ndani ya mkoba wake. Alikuwa shangazi, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye benchi: wageni wamefika kabla ya saa, wamekaa, mfamasia amevaa tai, mko wapi?

Mama alitazama simu, akamtazama binti yake mwenye uso wa mafuta na machozi. "Waombe radhi," alisema. "Waambie tutachelewa. ... Nangoja. ... Nangoja mtu atue, wifi yangu. ... Sasa nisemeje, ndiyo hivyo, nangoja ndege!" Akakata.

"Nitakwenda mwenyewe kumwambia hapana," Sindano alisema. "Kwa heshima, ana kwa ana. Hastahili kuambiwa kwa simu."

"Utakwenda. Na mimi nitakusindikiza, maana shangazi yako atataka kuniua." Mama alivuta pumzi. "Mbona kachelewa kuzunguka? Mara ile hakuchukua muda wote huu."

"Anakwenda mwendo ule ule, mama."

"Amekwenda nyuma ya miti. Simwoni."

"Atatokea."

"Simwoni, nakwambia." Na mama wa watu, aliyeapa kwamba hatangoja tena mtu maishani mwake, aliinuka akasimama kwa ncha za vidole, mkono juu ya macho. Ndege ilipotokea, alipiga makofi mawili, kisha akajifanya anakung'uta vumbi. Alikwenda kwenye ubao. Akaokota chaki, na chini ya jina la binti yake, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema, akaandika MAMA.

Bi Mkubwa alitua mara ya tatu na ya mwisho. Aliviringika mpaka mbele ya banda, injini ikazimwa, na kimya kikawa kikubwa. Usukani alishuka. Kabla ya kitu kingine chochote alitazama benchi, na Sindano alimwona anavyolitazama. Mtu mzima, askari, akasimama pale kwenye nyasi na kofia mkononi, hawezi kupiga hatua.

"Njoo," Sindano alimwita. "Njoo ufute ubao."

Alikuja. "Shikamoo mama," alisema, kichwa chini.

"Marahaba mwanangu." Mama hakuweza kumtazama usoni. "Ulinituma neno. Sikulifikisha. Nisamehe."

"Limefika leo, mama," Usukani alisema. "Yamekwisha."

Alichukua kitambaa. Akalifuta jina lake kwanza, kama sheria inavyosema. Kisha akageukia safu ya pili, akayaona majina mawili, na mkono ukabaki hewani.

"Futa la kwangu," mama alisema, akiinua mkoba wake. "La kwake usiliguse."